Jinsi ya Kupanga na Kulinda Orodha ya Machapisho Yako: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Saikolojia ya Michezo Nairobi

Mwaka nilioomba kupandishwa cheo, faili langu lilirudi likiwa limebandikwa kikaratasi cha manjano. Karani alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nambari 4, 7 na 11 hazipatikani." Nilicheka kwanza. Nambari 4 nilikuwa nimeikesha usiku kucha na kuilipia kwa pesa zangu. Nikafungua kompyuta nimwonyeshe. Tovuti ya jarida ilikuwa imegeuka duka la viatu. Nambari 7 kumbe ilikuwa ile ile nambari 6, ila mwaka tofauti. Nambari 11 ilikuwa mtandaoni, sawa, lakini chini ya mtu nisiyemjua, kwa sababu mhariri aliyageuza majina yangu mbele nyuma nami sikusoma prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapishwa.

Kicheko kiliisha hapo.

Tangu siku hiyo nimewasaidia wenzangu kadhaa kupanga orodha zao, wanafunzi wa uzamili na wahadhiri wenye mvi, na wote nawaambia neno moja. Kila mstari kwenye orodha ni dai, na kila dai lina njia inayotoka kwenye karatasi, ikapita kwenye jarida, ikapita kwenye data, ikafika kwa mwanariadha aliyeketi mahali fulani akajaza hojaji yako. Mtu akiifuata njia hiyo asikwame popote, mstari ni wako. Akikwama, umempa hewa.

Hatua ya 1: Kusanya kabla ya kupanga

Tenga Jumamosi nzima. Usianze na wasifukazi wako wa zamani, maana makosa yote yamo humo. Anza na barua pepe: tafuta kila barua ya mhariri iliyokukubalia makala. Nenda kwenye flashi, kisha ile laptopu iliyovunjika bawaba ambayo huwashi tena. Halafu wapigie simu mlioandika nao. Huwa kuna ikisiri ya kongamano uliyoisahau, au sura ya kitabu iliyotoka bila mtu kukuambia.

Tia kila kitu kwenye jedwali moja, mstari mmoja kwa chapisho moja. Safu za kawaida unazijua: waandishi wote kwa mpangilio waliochapishwa nao, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, toleo, kurasa, DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni), ISSN (nambari ya utambulisho ya jarida). Ongeza safu ya hali, na utumie maneno matano tu: imewasilishwa, inahakikiwa, imekubaliwa, imetoka mtandaoni, imetoka kwenye toleo. Usichanganye. Nimewahi kuona wasifukazi ambao makala "inahakikiwa" kwa miaka minne. Makala ya namna hiyo ilishakataliwa, ni vile tu mwenyewe hajakubali.

Kisha ongeza safu tano ambazo wengi hawana: data zilikusanywa wapi na lini, nambari ya idhini ya maadili, nambari ya leseni ya utafiti, kipimo kilichotumika na toleo lake, na kazi uliyoifanya wewe hasa. Hizo tano ndizo zitakazokutoa jasho.

Hatua ya 2: Jina moja, mtu mmoja

Sisi tuna majina matatu na kila mtu huyapanga apendavyo. Kitambulisho kina mpangilio wake, cheti cha KCSE kina wake, na sekretari wa idara ana wake. Ukichapisha leo kwa jina la baba mwishoni, kesho kwa jina la kikwenu, na kesho kutwa kwa jina la mume, hifadhidata zitakuhesabu watu watatu na kila mmoja wao atakuwa na machapisho mawili.

Kwa wanaotoka upande wa riadha shida ni kubwa zaidi. Akina Kiplagat, Cheruiyot na Kosgei wamejaa, na herufi K au J mbele ya jina haimtenganishi mtu na mwenzake. Chukua mfano wa mtu ambaye nchi nzima inamjua. Mike Boit alileta shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972, baadaye akawa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2006 Vincent Onywera, Robert Scott na Yannis Pitsiladis walichapisha pamoja naye makala kuhusu asili ya wakimbiaji bora wa Kenya wa masafa marefu, katika Journal of Sports Sciences. Humo utamkuta kama M. K. Boit. Anayelijua jina la redioni tu anaweza kumpita.

Kwa hiyo chagua umbo moja la jina, uliandike kwenye karatasi, na ulitumie hadi ustaafu. Halafu jisajili ORCID, sajili inayompa kila mtafiti nambari yake. Ni bure, na imekuwapo tangu 2012. Utapewa nambari yenye tarakimu 16 katika mafungu manne. Ya mwisho ikiwa herufi X usishtuke, ni ya ukaguzi. Mambo matatu ya kufanya siku hiyo hiyo:

- Weka barua pepe mbili, ya chuo na yako binafsi. Mkataba ukiisha, ya chuo hufungwa, nawe unafungiwa nje ya akaunti yako.
- Andika majina yote uliyowahi kuchapisha nayo kwenye sehemu ya majina mengine. Dada zangu mlioolewa katikati ya tasnifu, hapa ndipo mnapopona.
- Ruhusu Crossref, shirika linalosajili DOI, iongeze kazi mpya yenyewe, kisha ukumbuke kuitaja nambari yako kila unapowasilisha makala.

Na prufu zikija, soma mstari wa majina kabla ya kitu kingine chochote. Mimi sasa huusoma kwa sauti.

Hatua ya 3: Bonyeza kila kiungo

Mstari kwa mstari, fungua DOI. Huanza na 10, nukta, nambari ya mchapishaji, mkwaju, kisha herufi na nambari za makala yenyewe. Ikufikishe kwenye ukurasa wa makala, si kwenye ukurasa wa mbele wa jarida. Linganisha kichwa neno kwa neno.

Mwaka ndio uliopoteza nambari 7 yangu. Makala huweza kutoka mtandaoni Novemba na kuwekwa kwenye toleo Machi ya mwaka unaofuata. Ukiiandika mara moja kwa mwaka wa kwanza na baadaye ukaiongeza kwa mwaka wa pili, una makala mbili ambazo ni moja, na mbele ya kamati hilo linafanana na udanganyifu hata kama ni usahaulifu. Tumia mwaka wa toleo. Kama toleo halijatoka, tumia wa mtandaoni na ukumbuke kuubadilisha.

Pakua nakala ya kila makala uihifadhi, pamoja na picha ya ukurasa wa yaliyomo katika toleo hilo. Tovuti hufa. Nambari 4 yangu niliitafuta kwenye Internet Archive, nikapata ukurasa wa yaliyomo wenye jina langu, makala yenyewe hakuna. Kamati haikuikubali, na kusema kweli ningekuwa mimi nisingeikubali pia.

Hatua ya 4: Tenganisha mbuzi na kondoo

Makala zilizohakikiwa na wataalamu peke yake. Sura za vitabu peke yake. Makala kamili za makongamano mbali na ikisiri. Ripoti kwa vyama vya michezo, miongozo ya makocha na safu za magazetini mwishoni. Nakala tangulizi, zile zilizowekwa kwenye hazina za mtandaoni kama SportRxiv au PsyArXiv kabla ya kuhakikiwa, ziandikwe hivyo, na makala ikichapishwa rasmi, nakala tangulizi iungwe kwenye mstari wake, isibaki peke yake. Hatua hii ni ya nusu saa. Usiipambe.

Hatua ya 5: Fuata njia hadi uwanjani

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo taaluma yetu hutofautiana na nyingine. Mtafiti wa udongo hahofii kwamba udongo utatambuliwa gazetini.

Anza na vibali. Kwanza idhini ya kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013. Andika nambari zote mbili na tarehe zake kwenye jedwali, karibu na tarehe za kukusanya data. Zilinganishe. Ukikuta data zilianza kukusanywa wiki mbili kabla ya idhini, una tatizo ambalo ni afadhali ulijue wewe kwanza kabla hajalijua mhariri. Leseni ina tarehe ya kwisha, na masharti yake yanakutaka upeleke ripoti ya mwisho. Safu hiyo hiyo itakukumbusha.

Sasa usiri. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, taarifa za afya na mambo binafsi ya watu hazichezewi. Lakini hata bila sheria, hebu fikiri. Ukiandika kwamba mhojiwa wako ni "mwanariadha wa kike, mwenye medali ya Olimpiki ya mita 1500, anayefanya mazoezi Bonde la Ufa," umemficha nani? Msomaji atamtaja jina kabla hujafika kwenye nukta. Wanariadha wa ngazi ya juu ni wachache na wanajulikana hadi na watoto wa shule. Kwa makala za namna hiyo mimi hupunguza: "mkimbiaji wa masafa ya kati, ngazi ya kimataifa," umri kwa mafungu ya miaka mitano, kaunti sitaji. Kama utafiti ulihusu dawa haramu, kaza zaidi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Dawa Haramu Michezoni ya 2016 na shirika lake, ADAK, na mtu aliyekiri jambo kwenye hojaji yako alikiri kwako, si kwa hifadhidata ya dunia. Orodha yako ya machapisho isitaje kambi kwa jina ikiwa kambi ina watu tisa.

Halafu kipimo, na hapa nisamehe nikikaa.

Asubuhi moja nilikuwa Kasarani, kwenye kiwanja cha kupashia mwili joto, na hojaji za wasiwasi wa mashindano mkononi. Kipimo kilikuwa CSAI-2, kile cha Rainer Martens na wenzake cha mwaka 1990: maswali 27, tisa ya wasiwasi wa fikra, tisa ya wasiwasi wa mwili, tisa ya kujiamini. Nilikuwa nimeyatafsiri mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Kijana mmoja wa mita 5000 alikaa kwenye ngazi, kalamu ya kuazima, akajibu manne, akasimama. Akanijia.

"Mwalimu, hii wasiwasi ni ya kichwa ama ni ya tumbo?"

Nikasoma swali lake, nikasoma linalofuata. Yote mawili nilikuwa nimeandika "nina wasiwasi". Kitu ambacho Martens na wenzake walikitenganisha kwa jasho, mimi nimekibandika tena kwa neno moja la Kiswahili, na aliyeligundua ni mkimbiaji, si msimamizi wangu. Nilizikusanya hojaji zote nikarudi mjini. Tikiti ya matatu ndiyo tu niliyopoteza. Ningeendelea, ningepoteza makala.

Tulipokaa upya na makocha wawili na wakimbiaji sita, maneno yakaja yenyewe. Ya mwili: tumbo kuchafuka, mikono kutoa jasho, miguu kulegea. Ya fikra: mawazo kukimbia, kuogopa kushindwa, kuhofia wataniona vipi. Neno "presha" ilibidi tulitupe. Kwa kijana wa miaka 19 presha ni ya mashindano, kwa kocha wa miaka 60 ni ugonjwa aliopewa dawa zake kliniki, na hojaji ilikuwa ya wote wawili. Kisha mtu mwingine ambaye hakuuona Kiingereza cha mwanzo akarudisha tafsiri yetu kwenye Kiingereza, tukalinganisha, tukarekebisha tena.

Kwenye jedwali lako, kwa hiyo, safu ya kipimo isiseme "CSAI" tu. Iseme ni CSAI-2 yenye maswali 27 au CSAI-2R yenye 17, ambayo Cox, Martens (mwingine, si Rainer) na Russell waliitoa 2003. Iseme lugha gani, nani alitafsiri, nani alirudisha, na alfa ya Cronbach (nambari inayoonyesha maswali ya kipimo yanakubaliana kiasi gani) uliyoipata kwa watu wako wewe. Kunakili alfa ya makala ya Marekani ni kama kupima homa ya mtoto wa jirani ukampa dawa mtoto wako. Vivyo hivyo kwa PEAS, kipimo cha mtazamo kuhusu dawa za kuongeza nguvu cha Petróczi na Aidman cha 2009: maswali 17, kila moja na majibu sita ya kuchagua. Ukipunguza majibu kuwa matano kwa sababu yanakaa vizuri kwenye ukurasa, si PEAS tena, na anayetaka kulinganisha matokeo yako na ya Ulaya hawezi.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu wengi wanalikosa: tafsiri iliyofanywa hivyo na kujaribiwa ni chapisho kamili. Makala nyingi za kwetu huizika kwenye sentensi moja, "hojaji ilitafsiriwa kwa Kiswahili," basi. Iandike makala yake. Kila mtafiti kuanzia Mombasa hadi Mwanza atakayepima wasiwasi wa wanariadha kwa Kiswahili atakuwa na sababu ya kukunukuu.

Mwisho wa njia ni data zenyewe. Hifadhi faili ghafi, faili lililosafishwa, na karatasi inayoeleza kila safu ni nini, kwenye sehemu mbili tofauti. Kuna hadithi ya zamani ya taaluma yetu inayofaa hapa. Norman Triplett alichapisha mwaka 1898 utafiti unaotajwa kama wa kwanza wa saikolojia ya michezo: waendesha baiskeli, kisha watoto 40 wakizungusha roda za kuvulia samaki, peke yao na wakishindana. Vitabu vilirudia kwa zaidi ya miaka mia kwamba watoto walienda kasi zaidi wakishindana. Mwaka 2005 Michael Strube alizipiga upya hesabu zile kwa takwimu za kisasa akakuta ushahidi ni dhaifu sana. Aliweza kwa sababu moja tu: Triplett alikuwa amechapisha majedwali yake. Mtu wa 1898 alitunza data kuliko wengi wetu tulio na kompyuta.

Ukiwa na safu ya data, utaona pia jambo lingine. Labda makala tatu zimetoka kwa wakimbiaji wale wale 120. Si kosa, kama kila moja ina swali lake na kila moja imezitaja nyingine. Kosa ni kukata samaki mmoja vipande na kumuuza kama samaki watatu.

Hatua ya 6: Ulifanya nini hasa?

Kwa kila makala andika sentensi moja ya kazi yako. Orodha ya CRediT ina majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kuhariri, nayo husaidia kupata maneno. Makala iliyotoka kwenye tasnifu, mwanafunzi awe wa kwanza. Sina mjadala hapo.

Kocha je? Watafiti wa Nairobi hukwama sana kwa hili, kwa kuwa bila kocha hupati mwanariadha. Aliyekufungulia geti na kukutambulisha, mshukuru mwishoni mwa makala. Aliyekaa nawe kurekebisha maswali, akakueleza kwa nini wakimbiaji wa kambi yake hawajibu swali la nane, akaisoma rasimu na kuikubali, huyo ni mwandishi. Mweke, hata kama hana shahada. Na kama umewahi kumwacha mtu wa namna hiyo nje, weka alama kwenye jedwali, na makala ijayo mkae chini mapema, kabla ya kuandika neno la kwanza, mkubaliane majina yatapangwaje.

Hatua ya 7: Majarida matapeli

Barua inakuja saa nane usiku: "Mheshimiwa Profesa," nawe bado uko uzamili. Wanakusifu kwa makala ya magonjwa ya samaki ambayo hukuiandika. Watachapisha ndani ya siku tano, ada kwa dola, akaunti ya mtu binafsi. Hiyo unaifuta. Hatari ni yale yanayofanana na ya kweli: jina karibu sawa na la jarida kongwe, tovuti iliyonakiliwa, kipimo cha ubora kilichotengenezwa nyumbani.

Angalia ISSN kwenye tovuti rasmi ya ISSN uone kama kichwa kinalingana. Kumbuka tu kwamba ISSN ni kama nambari ya gari: inakuambia gari lipo, haikuambii breki zinafanya kazi. Kama jarida linadai ni la wazi, yaani linasomwa bure, litafute DOAJ, orodha ya majarida ya namna hiyo. Kama linadai limo Scopus, hifadhidata ya machapisho na nukuu zake, litafute Scopus kwenyewe, si kwenye tovuti yake, na upige picha ya skrini yenye tarehe. Majarida huondolewa, na picha hiyo itaonyesha kwamba siku uliyowasilisha lilikuwemo. Tazama pia hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo Crossref iliinunua na kuifungua kwa umma mwaka 2023, usije ukawa umejenga hoja juu ya makala iliyofutwa. Orodha ya majarida matapeli ya Jeffrey Beall ambayo wazee wa idara bado huitaja iliondolewa mtandaoni na mwenyewe Januari 2017. Nakala zinazozunguka si zake tena.

Majarida ya kweli ya fani hii hayajifichi. International Journal of Sport Psychology lipo tangu 1970. Journal of Sport Psychology lilianza 1979, likabadili jina 1988 na kuongeza neno "Exercise", yaani mazoezi. The Sport Psychologist, la 1987, huwapenda wanaofanya kazi na wanariadha ana kwa ana. Psychology of Sport and Exercise lilianza 2000. Kwa majarida ya Afrika, AJOL imeyakusanya tangu 1998, na humo utapata wahakiki wanaojua kambi ya wakimbiaji ya Iten si hoteli.

Ukiwa tayari umechapisha kwa tapeli, usiifiche wala usiichapishe tena kwingine kana kwamba ni mpya. Iweke chini, sehemu ya machapisho mengine, uendelee na maisha.

Hatua ya 8: Hesabu za kunukuliwa

Fungua wasifu Google Scholar, lakini zima ile njia ya kuongeza makala bila kukuuliza. Wangu uliwahi kuniongezea makala ya upasuaji wa goti. Futa zisizo zako, unganisha zilizojirudia.

Kipimo cha h, alichokibuni Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa zaidi ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo, nawe hukihesabu kwa vidole. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme saba, zimenukuliwa mara 22, 14, 9, 6, 4, 3 na 0. Ya nne ina 6, imefika nne. Ya tano ina 4, haijafika tano. Basi h yako ni 4. Kile cha i10, makala zilizonukuliwa angalau mara kumi, ni 2. Andika umezitoa wapi na tarehe gani, kwa maana Scopus itakupa nambari ndogo kuliko Google Scholar na zote mbili ni za kweli. Usijilinganishe na daktari wa malaria wa jengo la pili. Fani yetu ni ndogo, na makala ya tafsiri ya kipimo huchukua miaka kabla haijaanza kutajwa.

Hatua ya 9: Ukurasa mmoja wa maneno

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwaka 2014 vigezo vya kupandisha vyeo vinavyohesabu machapisho kwa pointi, na vyuo vina nyongeza zao. Chukua vigezo vya chuo chako, ofisini, vilivyo na mhuri, si vile rafiki alivyokutumia WhatsApp. Ongeza safu ya pointi kwenye jedwali na uhesabu mwenyewe kabla karani hajakuhesabia.

Kisha andika ukurasa mmoja wa kutangulia orodha. Usianze na idadi. Anza na swali lililokushika. Langu linasomeka hivi: "Nilianza na wasiwasi wa wakimbiaji kabla ya mbio, nikagundua hatuna maneno yaliyojaribiwa ya kuupima kwa Kiswahili, nikayatafuta; sasa nayatumia kuuliza kwa nini baadhi yao hushindwa kulala siku tatu kabla ya majaribio ya kitaifa." Kila kipande cha sentensi hiyo kina nambari za machapisho pembeni. Mwanakamati anayefundisha uhandisi aliielewa, na ndiye aliyekuwa na maswali mengi kuliko wote.

Hatua ya 10: Utunzaji

Mara mbili kwa mwaka, mimi huchagua Januari na Julai, fungua viungo vyote upya. Weka makala kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, lakini angalia mchapishaji anaruhusu nakala ipi: mara nyingi ni hati iliyokubaliwa, isiyo na mpangilio wa jarida, na pengine baada ya miezi 12 au zaidi. Iliyosahihishwa iwe na taarifa ya masahihisho kwenye mstari wake.

Na makala ikitoka, mtumie kocha. Si faili la kurasa kumi na nne. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, kwa simu: tuliuliza nini, tulipata nini, hatukupata nini. Yule kijana wa mita 5000 nilimtumia wa kwangu. Alijibu kesho yake alfajiri, kabla ya mazoezi: "Sawa mwalimu. Lakini swali la kumi na mbili bado halieleweki."

Nililifungua. Kweli, halieleweki.